Bakule Wake Inspekta

Hebu mwone akiingia uwanja wa kanisa pale Boito: mzee mrefu, koti kuukuu lililopigwa pasi vizuri, bado anatembea kama askari kwenye gwaride. Ndiye Aron. Alikuja siku hiyo, mwaka wa tisini na sita, kumsemea Kipruto aliyekuwa anawekwa mzee wa kanisa. Na huku kwetu, msomaji wangu, hakuna anayefaa kukusemea kumshinda bakule wako, yule mliyetahiriwa pamoja, mkakaa pamoja jandoni na kuapa kutochomana, yaani kutosalitiana.

Wakati wa mkoloni wawili hawa walikuwa masajini, kituo kimoja cha polisi kando ya mashamba ya chai. Askari wa hapo walikuwa na mchezo: siku ya mshahara wanawakamata wachuma chai waliotoka Kisii, wanawaachilia kwa hongo. Kelele zikafika Nairobi. Mkubwa wa kizungu akarudishwa kwao kabla ya wakati wake. Aliyeletwa badala yake akatafuta haraka Mwafrika mwenye mikono safi amfanye inspekta, magazeti yanyamaze. Aron hakuwa amegusa hata senti, na kila mtu alijua cheo ni chake.

Lakini ni Aron aliyevuliwa sare mbele ya wenzake, eti naye alikula. Kiti akakalia Kipruto. Aron aliamini aliyemchoma ni Ogeto, karani Mkisii aliyekuwa akimtafsiria mzungu. Wakikutana sokoni alikataa hata salamu yake, na Ogeto alipokufa hakwenda kumzika.

Sasa walikuwa nyuma ya kanisa wakinywa chai, wakingoja kuitwa.

"Bakule, hilo tumbo," Aron akamtania. "Kiti cha kanisa kitakutosha kweli?"

"Cha mzungu kilinitosha!" Kipruto akacheka, kisha akapunguza sauti. "Lakini wewe ulinisamehe. Mwingine hangekuja."

"Nikusamehe nini?"

Kipruto akakodolea kikombe macho. "Nilidhani Ogeto alikuambia. Mzungu alitaka jina, Aron. Mmoja apande, mmoja aanguke, kesi iishe. Wewe ulikuwa na ng'ombe, na shamba la babako. Mimi nilikuwa na nini?"

"Ulikuwa na mimi."

Hapo hapo Rebeccah, mwenye kuongoza sherehe, akachungulia mlangoni. "Mzee wetu Aron! Kuja utuambie huyu bakule wako ni mtu wa namna gani."

Kipruto akamshika mkono wa koti. "Bakule, tafadhali. Watoto wangu wako pale mbele."

Aron akakitoa kiganja cha mwenzake taratibu, akaingia, akapewa maikrofoni. Makofi yakaisha. Kwenye benchi la kwanza wajukuu wa Kipruto walikuwa wanamtazama, wamevaa nguo mpya, wanatabasamu.

Ungekuwa wewe umesimama pale, ungewaambia nini?