Nyeupe Chini ya Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya hamsini hapa Kisangani, sikupewa brosi ya kupakia rangi. Papa Lofemba, kapita, msimamizi wa wapaka rangi, mtu wa mto kutoka Isangi, alinisimamisha mbele ya mlango. "Mutoto, onyesha fasi brosi ilianza na fasi iliisha." Asubuhi nzima natafuta mahali mkono ulipoanzia na ulipoishia! Nilimchukia kabisa. Wenzangu wakacheka: "Huyu ameajiriwa kuoa mlango?"

Ndivyo nilivyojifunza kushi, yaani mpako mmoja wa rangi. Kushi ya chini ikiwa bado mbichi, ya juu huivuta na kuchanganyika nayo. Nywele za brosi huacha mistari, na ukiifuata unajua mkono ulipita wapi.

Baada ya kupaka maboti ya bandarini, tulitumwa kwenye ofisi moja mjini. Nikapaka dari chokaa. Ukutani palikuwa na tablo, picha ya rangi ya mafuta, haina mtu wala mti, rangi tupu. Shefu wa ofisi, Mbelgiji, aliingia akaona donge jeupe katikati ya nyekundu. Uso ukamwiva.

"Umechafua tablo yangu! Toka! Kazi imekwisha!"

Jamani! Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Papa Lofemba hakubishana. Alinigeukia mimi. "Fanya kama kwa mulango. Angalia."

Nikasogea karibu, nikafuata mistari ya brosi. "Bwana, nyekundu ilipita juu ya nyeupe ikiwa mbichi. Imeivuta mpaka hapa brosi ilipoinuliwa, ona inavyopauka. Nyeupe ilitangulia. Chokaa yangu ingekaa juu."

Shefu akavaa miwani, akainama. Akaifuata mistari kwa kidole.

"Bon, sawa," akasema. "Iko ukutani kwangu siku zote, na sikuona. Wewe unaipenda?"

Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza ninapenda nini! Nikaangalia tena. "Hapa aliyeichora alikuwa na haraka, Bwana. Hapa pembeni, kwenye buluu, mkono umetulia. Ndiyo, naipenda."

Kazi nikaendelea nayo mpaka pensheni. Mtoto alipozaliwa, Papa Lofemba alikuja kwangu na brosi yake, akapaka mlango wa chumba chetu. Leo yeye amezikwa Isangi, nami macho yamechoka. Wajukuu wanataka kuupaka mlango ule upya, nimewakatalia katakata. Kila asubuhi naupapasa kwa kidole, taratibu, toka fasi brosi ilianza mpaka fasi iliisha. Aksanti, Papa.