Baba mkwe alinipima kwa mchezo wa video, nami nikaiba dhahabu

Admin, naomba usiniweke wazi, na binti pia umfiche. Hapa nitamwita Neema. Mimi ni mwanaume wa miaka 29, mzaliwa wa Uvira, na huu ni mwaka wa sita niko Durban. Naishi South Beach, ghorofa ya saba, chumba kimoja na vijana wawili wa kwetu. Kazi yangu ni kulinda magari kwenye maduka ya Overport. Nawaeleza haya ili mjue nilikwenda kuposa nikiwa na nini mkononi.

Baba yake Neema anatengeneza simu kwenye duka dogo kule Point. Wateja wakikosekana huwasha mashine ya michezo ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, na kucheza mchezo mmoja tu, mwaka wa tatu sasa. Ni mchezo wa safari. Una mpiganaji wako, anaua wanyama wa ajabu porini, kila mnyama anaacha vipande vya dhahabu, na kwa dhahabu hiyo unanunua silaha. Bandarini kuna meli inayouzwa vipande milioni moja. Mzee alikuwa amefika laki sita.

Nilipokwenda kujitambulisha alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wachumba wawili walishamjia kabla yangu, mmoja na gari la kuazima, mwingine na barua ya kazi ambayo haikuwepo.

"Maneno nimeshasikia mingi," akaniambia. "Iko mashine ingine nyumbani, haina kazi. Chukua, anzia mwanzo. Siku utanunua ile meli, leta kadi ya mchezo nione, ndiyo tutaongea mahari."

Nilidhani ananitania. Neema akaniambia baba yake hana utani wa namna hiyo.

Wiki tatu nilicheza kwa haki. Nilikuwa natoka kazini, napika, nacheza. Nikapata elfu arobaini. Nikapiga hesabu, nikaona nitaoa baada ya mwaka na nusu, na Neema tayari anaulizwa kanisani anangoja nini.

Kosa la mchezo niligundua bila kulitafuta. Nilikwenda kuuza ngao kwenye duka la mle mchezoni, nikasahau kuitoa kwanza mkononi mwa mpiganaji. Duka likanilipa elfu tano na ngao ikabaki mkononi mwake. Nikauza tena, ikabaki tena. Waliotengeneza mchezo waliacha tundu hilo bila kuliziba. Niliuza ngao ile ile mara mia moja tisini na mbili, na wali ulikuwa bado haujaiva.

Shida ikawa saa. Kadi inayohifadhi mchezo inaandika pia umecheza saa ngapi, na yangu ilisema thelathini na nne. Hakuna anayepata milioni kwa saa thelathini na nne. Basi kila asubuhi nilikwenda kazini nikiacha mashine inawaka na televisheni imezimwa, ili saa zihesabike. Umeme wetu ni wa kununua kwanza, na wenzangu walianza kulalamika. Nikasingizia friji. Mmoja akasema, "Eish, friji gani inakula hivi, na ndani iko maji tu?" Ukija mgao wa umeme mchana, saa za siku nzima zilipotea, kwa sababu sikuwepo kuzihifadhi. Ilinichukua miezi minne kufikisha saa mia sita. Kila Jumapili baada ya ibada mzee aliniuliza nimefika wapi, nami nilimtajia kiasi nilichotunga njiani.

Nilipompelekea kadi, aliitazama ile meli ikielea. Akamwita mama yake Neema aje aione. Akatangaza kwamba atachukua suti moja na vitenge vya mama, basi. Wajomba wa Neema walioko Johannesburg walikataa, wakasema anamtupa binti kwa mlinzi wa magari. Aliwajibu kwa simu, spika imefunguliwa, mimi nikiwa nimekaa palepale:

"Huyu kijana haibi hata mu mchezo, kwenye hakuna mtu anamuona. Mimi namjua."

Utambulisho ni Jumamosi, wiki tatu zijazo. Wajomba wanakuja.

Nilimweleza Neema yote. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Ukimwambia, wewe utalala vizuri. Mimi na mama ndiyo tutabaki naye mu nyumba." Akaongeza kwamba wajomba wakisikia hawatanicheka mimi, watamcheka baba yake.

Ningemtii. Lakini siku ile ya meli mzee aliniuliza dhahabu yote niliipata wapi kwa haraka hivyo. Nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikamwambia nyuma ya mlima wa kaskazini kuna msitu, na msituni kuna mnyama mweupe anayeacha vipande elfu kumi kila akiuawa. Mnyama huyo hayupo. Jumatatu mzee alinipigia.

"Mwanangu, ile msitu nimeizunguka wiki mbili. Yule mnyama simuoni. Pengine ni macho yangu."

Nikamwambia hutokea mvua ikinyesha. Akanishukuru.

Leo Neema ananiambia simu za wateja zimelala mezani tangu juzi. Mzee yuko mbele ya televisheni, anangoja mvua inyeshe mle mchezoni.

Ninyi mliooa, na ninyi mlio na mabinti wa kuozesha, naomba mniambie ukweli hata kama utaniuma. Nimfuate dukani nimweleze kabla wajomba hawajafika, au nimwache aendelee kungoja?