Chungu cha Msambweni, Blogu ya Bi Kahaso

Mdomo wa Bi Kahaso Tembo wa Msambweni ulikuwa na kazi mbili, kuonjea mchuzi na kubetulia watu, na hiyo ya pili ndiyo aliyoifanya bila kupumzika. Aliwadharau wapishi wa mahoteli ya Diani, wale wenye kofia ndefu na sahani kubwa ambayo chakula chake hakimshibishi kuku. Aliwadharau wake wa wanawe wawili, ambao kwao chajio ni chipsi za kununua. Na zaidi ya wote aliwadharau wasichana wa kwenye mtandao wanaojirekodi wakipika pilau ya Pwani kwa karoti, njegere na bizari ya pakiti.

"Kefule!" angesema, simu kaishika mbali na uso kana kwamba inanuka. "Hii ni pilau au ni kachumbari iliyopata ajali?"

Usidhani alikuwa akijigamba bure. Kutoka Ukunda mpaka Lunga Lunga, harusi iliyopikwa na Kahaso haikuhitaji kusifiwa, maana watu walikuwa hawana nafasi ya kusema. Kazi hiyo alifundishwa na mamake, tangu ana miaka kumi, akiwa amechutama kando ya masufuria ya watu mia nne. Mamake hakujua kusoma wala kuandika. Yote aliyoyajua alimshushia Kahaso, na Kahaso sasa hakuwa na wa kumshushia. Mwanawe mmoja alikuwa dereva, wa pili yuko bandarini Mombasa, na hao wakaza wana ndio tumekwisha kuwataja. "Siku nitakayofukiwa mimi," alikuwa akisema, na hapo hakuwa na mzaha hata chembe, "mamangu atafukiwa mara ya pili."

Ndiyo sababu akafungua blogu. Hakutaka sifa, sifa alikuwa nazo. Alitaka vile vyakula vya mamake viwe mahali ambapo mchwa hawafiki.

Aliyemfungulia ni Lewis, jamaa mmoja mwenye saiba, duka la intaneti, pale Kona ya Musa, aliyeandika mlangoni kwamba yeye ni mtaalamu wa tovuti, kuchapisha na kutilia simu nyimbo. Lewis akaanza kwa kumwekea juu kabisa picha ya jua linazama nyuma ya minazi.

"Hii ya nini?" Kahaso akauliza.

"Ni ya kuvutia wageni, mama."

"Mimi napika, sipangishi vyumba. Toa."

Akaitoa, akaweka picha ya mwanamke wa Kizungu anacheka na mwiko. Kahaso akamwuliza kama huyo ni mkewe. Mwishowe wakaweka picha ya sufuria lake mwenyewe, jeusi, halina kifuniko, na jina chini yake: Chungu cha Msambweni. Lewis alipotaka kumfundisha namna ya kuweka neno la siri, na namna ya kuhifadhi nakala ya yale anayoyaandika, Kahaso akambetulia mdomo. Yeye si karani, alisema. Amwonyeshe pa kuandikia na pa kubonyeza, basi. Kwa hiyo Lewis akasajili kila kitu kwa barua pepe yake, jina la tovuti akawa analilipia yeye kila mwaka kwa pesa anazotumiwa, na Kahaso akarudi kwake akijiona kashinda.

Miaka saba aliandika. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri alikaa ukumbini akaandika moja kwa moja kwenye blogu kwa kidole kimoja, kidole cha shahada, na asingesemeshwa na mtu. Mchuzi wa papa. Bokoboko la sikukuu. Mkate wa sinia. Samaki wa kupaka. Na kila chakula aliandika na maneno ya mamake humo humo: alivyopigwa mwiko wa mkono alipochochea tui likakatika, alivyoambiwa kwamba wali ukinuka moshi usitoroke, toka mbele ya watu useme umeuunguza wewe. Andiko moja lilimchukua Ijumaa mbili hivi, yakafika maandishi mia moja na tisini.

Wasomaji walikuja, na wasomaji wakawa chakula kingine cha mdomo wake. Mtu akiuliza nusu kibaba ni gramu ngapi, humjibu, "Nenda hospitali wakupimie." Lakini aliyemkera kuliko wote ni mmoja aliyejiita Ashley wa Ukunda. Huyu hakukosa hata wiki moja. Na kila wiki wimbo ni ule ule: "Shikamoo mama. Nimepika vile umeandika, lakini ni kama kuna kitu kinakosekana. Nimekosea wapi?"

"Ulikosea kuzaliwa bara," Kahaso akamjibu mara ya kwanza. Mara ya pili akamwandikia kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Ashley akajibu "asante mama," na Ijumaa iliyofuata akarudi na swali lake. Loo! Kahaso akiwasomea majirani maswali hayo kwa sauti ya puani, wanawake wanakufa kwa kicheko.

Sasa hapa sina budi kusema jambo ambalo wapishi wa harusi hawapendi lisemwe. Fundi wa huku akikueleza chakula chake hakupi chote. Atakupa mchele, nyama, viungo, moto, atakupa hata dua ya kuanzia, ila kitu kimoja atabaki nacho. Si uongo, kwao ni adabu ya kazi. Ukitaka kile kimoja, njoo uchutame kando ya sufuria lake miaka mitatu, ukiona amekitia, umekipata. Kahaso alivyopewa na mamake ndivyo alivyoandika. Kwenye pilau aliiacha ile bizari nyembamba inayokaangwa kavu, ikapondwa, ikanyunyizwa mwisho kabla ya kufunika. Kwenye mchuzi wa papa aliliacha embe bichi lililoanikwa. Mia moja na tisini, na kila kimoja kina shimo lake. Kidole chake kililiruka bila yeye hata kufikiri.

Basi Ijumaa moja mwezi wa Februari akafungua simu, akakuta ukurasa mweupe wenye maneno mawili matatu ya Kiingereza. Akazima, akawasha. Mweupe. Akatoka vile vile, na leso za nyumbani, mpaka Kona ya Musa.

Lewis alimkaribisha kwa macho ya chini. Akaeleza. Ile barua pepe yake ya zamani alisahau neno lake la siri, akafungua nyingine. Arifa za kulipia zilikwenda kule kule kwa zamani, yeye hakuziona. Muda wa kulipa ukapita, muda wa kungojwa nao ukapita, na ile kampuni iliyohifadhi tovuti ikafuta kila kitu. Amewaandikia. Wamesema hakuna kilichobaki.

"Na pesa nilizokutumia?"

"Nilikuwa nimezishikilia tu kidogo, mama. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, mimi zangu siku zile hazikuwa sawa..."

"Zako ni kipara!" Kahaso akamkata. "Mtu mzima hovyo! Umemzika mamangu, Lewis. Umemzika wewe, mamangu!"

Na watu wa saiba wakageuka wote, maana Bi Kahaso wa Msambweni, aliyewaliza wengi kwa ulimi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki analia kwa sauti. Yeye mwenyewe alijua kwamba Lewis ana kosa lake na yeye ana lake. Nakala alifundishwa, akaikataa kwa mbetuko.

Alijaribu kuandika upya. Akakaa na daftari siku tatu, yakaja mapishi, lakini maneno ya mamake hayakuja. Yale aliyaandika moja moja, miaka saba, kila moja lilipomjia, na hayakuwa tayari kuja tena kwa kuitwa. Wale majirani waliokuwa wakicheka hakuna aliyekuwa amehifadhi hata mstari. Walikuwa wakifuata matusi, si mapishi.

Wiki ya pili ujumbe ukaingia kwenye simu. Nambari ya Kahaso ilikuwapo kwenye blogu, kwa wenye harusi. "Shikamoo mama. Ni Ashley wa Ukunda. Naona blogu haifunguki tangu Ijumaa ile. Uko salama? Nimeogopa usiwe mgonjwa."

Kahaso akasonya. Kati ya watu wote wa dunia! Akamwandikia neno moja: "Imekufa."

Jibu likaja papo hapo. "Pole sana. Lakini mimi niko nayo yote. Niliiandika kwa vitabu."

Ashley alikuwa anaishi chumba kimoja nyuma ya soko la Ukunda, mama wa makamo kutoka Ukambani, mpishi wa wafanyakazi kwenye hoteli moja ya Diani: maharage na sima, asubuhi na jioni, kwa watu wanaokula wamesimama. Alimpokea Kahaso mlangoni kwa mikono miwili, akainama, akasema shikamoo yake ya kujifunza ukubwani. Kahaso akaitika marahaba huku jicho lake limekwisha kufika kwenye rafu na kuiona ile pakiti ya bizari. Akabetua.

Vitabu vilikuwa vinne, vya shule vya kuandikia, vimevikwa magazeti. Ashley alisema bando la intaneti lilikuwa linaisha kabla hajamaliza kupika, ndipo akaona heri anakili kwa mkono, mara moja awe nayo milele. Kahaso akafungua cha kwanza. Mwandiko ulikuwa mkubwa na umenyooka. Hakuna kilichorukwa. Mwiko wa mkono ulikuwapo. Wali wa kuunguzwa ulikuwapo. Mamake alikuwapo mzima, kwa mkono wa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, na Kahaso akajifuta macho kwa pembe ya leso, akasingizia vumbi.

Kisha akaona kwamba chini ya kila chakula pana maandishi ya rangi nyekundu. Chini ya pilau: "Mara ya kwanza, kuna kitu hakiko. Mara ya pili, nimeongeza vitunguu, bado. Mara ya nne, nimetia ya pakiti, Mungu anisamehe, bado. Mama amesema mimi ni wa bara. Ni kweli. Kosa ni langu." Chini ya papa: "Mara ya tatu. Bado. Kosa ni langu." Akafunua. Bokoboko, kosa ni langu. Samaki wa kupaka, kosa ni langu. Akafunua mbele zaidi, na moto wa haya ukampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Hajapata kuonja mkono wa mwanamke huyu, lakini alijua sasa kwamba ulimi wake ni ulimi wa fundi. Kila shimo alilolificha, Ashley alikuwa ametia kidole pale pale.

"Vichukue, mama, uandike tena blogu," Ashley akasema. "Lakini vile umekuja mwenyewe, naomba nikuulize. Usikasirike. Hiyo pilau, nilikuwa nakosea wapi?"

Ile bizari nyembamba ilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu. Hapakuwa na mwingine duniani wa kulipokea, na Kahaso alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akafungua mdomo.

"Moto wako ni mkali," akasema.

Uso wa Ashley ukang'aa. "Kumbe ni hivyo tu! Asante sana, mama. Mungu akubariki." Akaitafuta kalamu nyekundu, akaandika chini ya pilau: moto mdogo. Akafunua mchuzi wa papa, akaandika moto mdogo. Akaendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa, anatabasamu peke yake, na Kahaso amekaa mbele yake na mikono mapajani, wala hakumzuia.