Siku Walipong'oa Kituo cha Mvua

Siku ile tulikuwepo watu sita kilimani: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu wa kike, mama jirani ambaye ni mjane aliyekimbia kutoka Burundi, fundi wa vituo vya hali ya hewa, na mwendesha pikipiki aliyempandisha kutoka mjini Baraka, kando ya ziwa. Hakukuwa na mkubwa mwingine wa kutusemea. Tangu baba na mama walipofariki, nami nikaacha shule darasa la tano, mkubwa wa nyumba yetu ni mimi.

Kituo kilisimama katika shamba letu kwa sababu halina miti. Kilikuwa nguzo ya chuma yenye paneli ya jua, kipima upepo, na chombo cha kupokea mvua kilichofanana na faneli juu ya kopo. Vyote vilizungushiwa seng'enge. Udongo wa kilima ukipata mvua ya kutosha, ujumbe ulikuja kwenye simu: pandeni. Msimu wa kwanza tuliufuata, tukavuna. Safari hii mama jirani alikuwa ametukopesha beseni la mbegu za karanga, nami nilikuwa nikingoja ujumbe ule tu. Zaidi ya karanga hizo na mihogo, wadogo zangu hawakuwa na kitu cha kutegemea.

Fundi alitueleza bila haraka. Zamani mitandao ya vituo ilikuwa mbalimbali: wetu wa wakulima, mwingine wa watu wa mitumbwi ziwani, mwingine wa barabara ya Lulimba. Sasa yote imeunganishwa ili hali ya hewa ya eneo zima iangaliwe pamoja, na kila kituo kinalinganishwa na jirani zake.

"Kule bureau, ofisini kwetu, banaona mistari tatu," akasema. "Ya Baraka inapanda, ya Lulimba inapanda. Ya kwenu iko chini tu, kama vile huku mvua haikunyesha."

"Ilinyesha!" mdogo wangu akasema. "Tulilowa mupaka ndani ya nyumba."

"Njo maana nimekuja kuangalia."

Akafungua ile faneli. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama ukuta uliosiribwa. Kijiko kidogo kinachopinduka kila kikijaa maji kilikuwa kimegandia humo. Fundi akanusa.

"Nani anaanikaka mihogo humu?"

Tulikuwa tunaanika sote. Mbuzi wa kilima kile hawaachi kitu, na hapakuwa na mahali pengine penye ua wa chuma na mlango wa kufunga. Tulitandika turubai chini ya nguzo, mihogo ikikauka tukaivunja palepale, unga ukapeperuka, mvua ikaukanda. Tuliambiwa tusikiguse chombo, na hatukukigusa. Mama jirani alikuwa akitazama miguu yake, maana mihogo iliyoanikwa asubuhi ile ilikuwa yake.

"Ni yetu sisi wote," nikajibu.

"Aa, machine yenu ilikula bugali," mwendesha pikipiki akasema. "Ikashiba, ikalala!"

Hata fundi alicheka. Nikaona nafasi, nikamwuliza, "Umeisafisha. Si imepona?"

"Imepona, dada. Lakini ile miezi yote ya uongo haiponi. Kule habaiamini tena. Wataiweka pengine."

"Na mvua yetu mutaijua namna gani?"

"Watapiga hesabu. Baraka iko huku, Lulimba iko kule, nyinyi muko katikati."

Mama jirani akainua kichwa. "Mwanangu, mvua ya huku haipitake katikati. Mutuachie. Mihogo tutaanika juu ya nyumba."

"Mama, si mimi njo naamua."

Akatoa funguo zake, akaanza kufungua bolti. Mdogo wangu alishika nguzo ili isiangukie mihogo ya watu. Wakateremka nayo, imefungwa kwenye pikipiki.

Ujumbe haukukoma. Labda ungekoma tungejua la kufanya. Majuma machache baadaye simu ilisema mvua ya kilima imetosha. Chini Baraka ilikuwa kweli. Waliotoka sokoni walipanda kilima wakiwa na matope miguuni. Kwetu udongo ulikuwa umelowa juu tu, ukichimba kwa kidole unakuta vumbi.

"Yaya, dada yangu, tungoje," mdogo wangu aliniambia.

Lakini ujumbe ule ulikuwa haujatudanganya bado, na anayechelewa kupanda huku mvua humkatikia. Mama jirani naye alikuwa tayari shambani. Tukapanda beseni lote. Mvua ikapiga upande wa ziwa, ikapiga upande wa milima, kwetu likabaki jua. Karanga chache zilichipua, zikanyauka. Nilipofukua nitafute hata za kuchemsha, panya walikuwa wamenitangulia.

Kwetu mbegu ya kukopa hailipwi kwa pesa wala kwa mbegu za soko. Inalipwa kwa mavuno ya shamba ilikopandwa, mbegu ileile. Za mama jirani zilikufa pamoja na zetu, na aina yake ile nyekundu hakuna mwingine kilimani aliyebaki nayo. Mdogo wangu anataka kwenda Misisi kuchimba dhahabu. Nimemkatalia, ila sina cha kumpa badala yake. Mama jirani hajanidai. Anapita na jembe, ananisalimu, anaendelea. Nina deni lake la beseni la karanga, na sina punje ya kuanzia.