Kila Paka na Kitunga Chake kwa Mama Verdiane

Hii habari hamutaiamini, na mimi sitawalaumu. Hata mimi niliyeiona kwa macho yangu, kuna asubuhi naamuka najiuliza: Pierre, siku ile ulikuwa umekunywa? Nilikuwa nimekunywa, ndiyo, lakini maziwa tu, na hayo maziwa mutayakuta mbele. Nimesoma mupaka darasa ya ine ya primaire. Ya tano iliniona nakuja, ikakimbia. Lakini macho haiendi masomo, na yangu inaona muzuri kupita ya padri.

Basi, huku kwetu Karuba, mu milima ya Masisi, kuna mama anaitwa Verdiane Mukamurenzi. Mama yake na mama yangu ni ndugu. Ananiita kaka, mimi namuita dada nikiwa na njaa, na Verdiane nikiwa nimeshiba. Bwana yake alikufa zamani, watoto wameolewa, na yeye amebaki na ng'ombe wachache, shamba ya maharagi, na kazi ya fromaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe. Mutaniambia Masisi yote inatengeneza fromaji. Sawa. Lakini fromaji ya Verdiane, weka kipande mu mufuko ya koti, tembea nayo mupaka Mushaki: watu wasiokujua watakusalimia njia yote, na wengine watakupa binti zao.

Fromaji inataka vintu viwili: mikono ya kuigeuza kila siku, na paka wa kuichunga. Bila paka, panya wanaingia, wanatoboa fromaji, wanatembea ndani kama mu tinele, njia ya chini ya udongo. Sumu ya panya Verdiane haitaki, sababu paka akikula panya mwenye kukula sumu, wanazikwa pamoja. Kwa hiyo iko na paka tatu, na zote tatu ni wagonjwa. Hapo njo habari inaanza.

Wa kwanza ni Koko, jina ya bibi, sababu ni muzee kabisa. Nadhani alizaliwa kabla ya mimi. Meno yote yalianguka. Ukimupa nyama, anaizungusha mu kinywa kama bonbon ya sukari, anaitema, anakuangalia kama wewe njo uliyemuiba meno.

Wa pili ni Masera. Ni mweupe na kichwa cheusi, sawa na masera, sista wa misheni, amevaa kitambaa yake ya kichwa. Huyu tumbo yake haitaki maziwa. Paka wa Masisi, kuzaliwa katikati ya ng'ombe, na hawezi maziwa. Akilamba kidogo tu, nyumba yote inajua, na majirani pia.

Wa tatu ni Kapita, dume, mwekundu, kichwa kikubwa. Huyu njo alikuwa mukubwa wa nyumba ya fromaji. Panya wakisikia anakohoa, wanahama na mizigo yao. Halafu siku moja Kapita akaanza kukaa mu majivu, anainama, anasukuma, anainama tena, na hakuna kintu inatoka. Mukojo ilikuwa imefunga. Alilia sauti ambayo sijawahi kusikia kwa paka, na mimi nimesikia mengi.

Verdiane akamuita Darius. Darius ni veterineri, munganga wa ng'ombe, anatoka Mushaki na moto yake, ile pikipiki, anachoma ng'ombe sindano. Watu wakacheka: veterineri anaacha ng'ombe anakuja kwa paka. Darius hakucheka. Akamushika Kapita, akatia kampira kembamba mu njia ya mukojo, mukojo ikatoka na damu na mchanga mwembamba ndani.

"Mama," akasema, "huyu hapana sambaza, ile samaki ndogo ya chumvi ya kukauka. Hapana chumvi, hata kidogo. Umupe nyama ya kuchemusha na maji mingi. Ikifunga tena naweza kujaribu tena. Lakini njia yake imekwisha kuumia. Sikuahidi."

"Na ikifunga ya tatu?"

"Mama, tusifike huko."

Tangu ile siku, Verdiane anapika nyungu tatu. Ya Koko, samaki mubichi ya kusaga mu kinu mupaka inakuwa uji. Ya Masera, bugari laini ya unga na mapafu ya ng'ombe, bila tone ya maziwa. Ya Kapita, nyama ya kuchemusha na supu yake, bila chumvi. Kazi haikuwa kupika. Kazi ilikuwa kugawa. Maana Koko alitaka nyama ya Kapita, hata kama hawezi kuitafuna. Masera aliota maziwa. Na Kapita alijua sahani ya kila muntu isipokuwa yake.

Sasa sikiliza akili ya dada yangu. Akachukua vitunga vitatu, vile vya kubebea maharagi. Anaweka sahani chini, anaweka paka mbele ya sahani, anafunika na kitunga, anaweka jiwe juu. Kila paka anakula chini ya kitunga chake. Ukiingia pale saa ya kula unakuta mama amekaa kwenye kiti kidogo, anachambua maharagi, na mbele yake vitunga vitatu vinanguruma. Mugeni mumoja kutoka Kibabi alitoka mbio bila kuaga. Nasikia bado anakimbia.

Kijiji kikacheka. Jirani wa Verdiane ni Fifi, anauza sambaza, na hawa wawili wanaimba pamoja mu korali ya kanisa, benchi moja, kitabu kimoja. Fifi alipita kila siku, anasimama ku mulango.

"Mama Verdiane, leo lopitali inapika nini?"

"Njoo nikufunike na wewe, utajua."

"Mimi bwana yangu ananipa chakula moja kila siku, maharagi. Hajaniuliza figo yangu inataka nini."

"Ndiyo maana unanona."

Ilikuwa hivyo, mizaha tu, na Kapita akapona. Manyoya yakangaa. Akarudi kwenye kazi yake ya fromaji, na kila asubuhi, Verdiane akimaliza kugeuza fromaji zake na kukaa ku kiti, Kapita anapanda mu magoti yake, anamulamba mikono, kidole kwa kidole, kama mutoto anayenyonya. Tuliangalia tukasema: paka huyu iko na shukrani kupita wakristo wengi.

Halafu mukojo ikafunga tena.

Darius akaja, akatia kampira, safari hii alisumbuka sana. Jasho ilimutoka. Mwishoni ikatoka kidogo. Akanawa mikono, hakumuangalia Verdiane.

"Kuna chumvi anapata fasi fulani," akasema. "Tafuta fasi yenyewe. Hii njia haitakubali tena."

Verdiane hakutafuta mbali. Alitoka mbio mupaka kwa Fifi, na mimi nyuma yake, sababu ugomvi ya wamama wa korali sikosi.

"Fifi, unamupa paka yangu sambaza."

Fifi alikuwa anapanga samaki zake mu sahani kubwa. Akanyanyua kichwa pole pole. "Mimi?"

"Vichwa vya sambaza. Unavitupa pale nyuma ya nyumba. Umeona unamuhurumia. Umesema Verdiane anamunyima."

"Mama Verdiane, mimi nauza sambaza, sigawi. Muulize kaka yako, anaomba kila siku, anatoka mikono mitupu."

Hiyo ni kweli, na hakukuwa na lazima ya kuisema mbele ya watu.

"Paka atakufa, Fifi."

"Na mimi njo nimemuua. Sawa. Tuimbe korali moja, ushike kitabu na mimi, halafu uje unaniita muuaji wa paka mbele ya sambaza yangu." Akageuka, akaendelea kupanga. Siku ya Mungu, mu kanisa, walikaa kila muntu ku mwisho wake wa benchi, na kitabu ikabaki katikati, hakuna anayefungua. Nyimbo zilikuwa mubaya, hata Mungu alisikia.

Na Kapita alianza kukaa mu majivu tena. Mukojo ilikuwa inatoka tone, inasimama. Verdiane hakula. Alimufungia mu nyumba, hakumuacha kutoka hata ku mulango. Chakula yake alionja mwenyewe kwanza: haina chumvi. Maji yake alionja: haina chumvi. Na bado.

Hapa njo mimi ninaingia, na musome muzuri, sababu watu wa Karuba hawapendi kulisema: paka ile, ni mimi niliyemuponyesha.

Nilienda asubuhi kumutembelea dada yangu, yaani nilienda kunywa maziwa. Kwetu, mugeni akiingia kwa muntu wa ng'ombe anapewa maziwa, na maziwa ya kupewa haisemwi kintu. Ikiwa moto sana, unanyamaza. Ikiwa chache, unanyamaza, unainamisha kikombe muda murefu ili aone. Verdiane alikuwa anatoka mu nyumba ya fromaji, ameshika kitambaa yake. Akaniwekea maziwa mu kikombe, akanipa kwa mikono miwili na heshima yote, akakaa ku kiti chake. Nikakunywa. Mudomo yangu ikagusa ukingo ya kikombe, na nikashindwa kunyamaza.

"Dada, tangu lini munatia maziwa chumvi?"

Akanikazia macho. Kusema maziwa ya muntu iko na chumvi, ni kusema nyumba yake ina laana. "Rudia."

"Iko na chumvi. Hapa, ku ukingo. Nilambe tena nikuambie?"

"Kaka Pierre, unakuja kunywa ya bure, na unaichagua."

"Sichagui, ninauliza."

Alitaka kujibu. Mudomo ulikuwa umefunguka. Kapita alikuwa amepanda mu magoti yake, amekonda, bila nguvu, na bado anamulamba vidole, kimoja kimoja. Verdiane akaangalia vidole. Akaangalia kitambaa, yenye maji ya chumvi ya kupangusia fromaji, maana fromaji bila kupanguswa na maji ya chumvi kila siku inaota ukungu. Akaweka kidole mu kinywa yake mwenyewe.

Akaonja cha pili.

"Kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi nilimupa mikono alambe. Nilisema ananipenda."

"Anakupenda. Na chumvi pia anaipenda."

"Nilimuita Fifi muuaji."

Akamuweka Kapita chini, akasimama, akaenda vile vile na mikono yake ya chumvi. Fifi alimuona anakuja akakunja mikono ku kifua. Verdiane hakuzunguka njia. Akanyoosha mikono mbele, viganja juu.

"Fifi, ni hii. Haikuwa wewe. Ni mikono yangu ya fromaji. Onja kama huamini."

"Mimi nionje mikono yako?"

"Nimekukosea mbele ya watu. Kwa hiyo nimekuja na watu." Watu nilikuwa mimi.

Fifi aliangalia ile mikono, iliyopasuka kwa chumvi ya miaka. Halafu akaingia ndani, akatoka na jagi ya maji na beseni, kama tunavyofanya kwa mugeni kabla ya kula. "Kaa," akasema. Verdiane akakaa. Fifi akamumiminia maji ku mikono, akamupa sabuni, akamimina tena. "Lopitali gani hii," akasema, "munga­nga mwenyewe hajui kunawa." Verdiane akacheka na machozi mu macho, na Fifi akacheka, na mimi nikauliza kama kuna sambaza.

Tangu hapo mipango ikabadilika. Kapita alitolewa kazi ya fromaji, akapewa nyumba ya mbegu ya maharagi, fasi haina chumvi hata moja. Koko akapelekwa kuchunga fromaji. Watu wakasema muzee bila meno atachunga nini. Lakini panya hawajui kama hana meno, na yeye hajawaambia. Masera akabaki jikoni, mbali na ng'ombe. Verdiane ananawa mikono na sabuni mupaka kwenye kiwiko kabla ya kugusa paka, na kitambaa ya fromaji inatundikwa juu, ku musumari ya dari.

Darius akarudi. Akatia kampira mara ya mwisho, pole pole, na safari hii ikapita. "Sasa tungoje," akasema. "Akikojoa mwenyewe, bila mukono wangu, ataishi."

Tukangoja. Verdiane alitandika majivu mapya ku mulango ya nyumba ya maharagi, akaweka kiti chake pale. Fifi akaleta supu ya samaki mubichi bila chumvi, kwa bure, na mimi nilishuhudia, sababu hiyo pia hamutaiamini. Tukakaa pale, watu wazima, tunaangalia matako ya paka, na hakuna aliyeona haya. Kapita akakunywa supu. Akalala. Akaamuka, akanyoosha mugongo, akaenda ku majivu. Akachimba. Fifi akashika mukono ya Verdiane.

Na ninawaandikia hii hapa hapa kwake, Verdiane iko nyuma yangu anachambua maharagi, kwa hiyo nasema ukweli mutupu: Kapita akainama, na ikatoka. Sisemi tone. Ilitoka kama bomba ikipasuka, ikateremuka kilima, ikapita mu shamba ya viazi, ikafika barabara, na motari wawili, wenye kubeba watu na pikipiki, waliotoka Kingi wakazima moto zao, wakavua kofia, wakangoja ipungue, na Darius akakunja suruali mupaka ku magoti ili avu—

"Kaka Pierre." Anasoma juu ya bega yangu, kitunga mu mikono. "Motari gani? Ilikuwa kijiko moja ya chai, na nililia. Andika kijiko."