Oveni Niliyoinunua Soweto

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, jikoni kwangu Iringa, saa tisa mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Nasema mchana kwa sababu najua utafikiri nilikuwa na usingizi. Sikuwa na usingizi. Nilikuwa na keki motoni.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Ndugu zangu wananicheka kwa hilo tangu utotoni. Kikombe alichonywea mgeni nakiosha mara mbili, na nikikuta unywele kwenye mboga, siku hiyo nalala njaa. Kwa hiyo ukisikia yaliyonipata, pima mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, treni ya kwenda Zambia imeanza tu kupita Mbeya. Mdogo wangu Upendo alikuwa anaolewa, na mimi nilikuwa nimejitapa mbele ya ukoo mzima kwamba keki ya harusi nitaipika mwenyewe. Wakati ule wengi wetu tulipika keki kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Inaiva, lakini chini inaungua na katikati mara nyingi inabaki uji. Wakwe wa Upendo walikuwa watu wa kujiona, na mama mkwe alishauliza kama huku kwetu kuna mtu anayejua keki. Swali lile lilinichoma. Nikaapa kwamba Upendo hataingia kwenye nyumba ile kwa aibu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Zambia. Ndiye aliyeniletea habari kwamba kuna mzee Mbeya, mtaa wa Soweto, anauza oveni ya umeme, ndogo, ya kuweka mezani. Nikapanda lori naye. Mpaka tunapita Nyololo ukungu ulikuwa haujaondoka barabarani, na mimi nilikuwa ninapanga mapambo ya keki kichwani.

Yule mzee alitupokea vizuri, akatupa chai. Oveni ilikuwa ya marehemu mkewe, aliyekuwa akiwapikia mikate na keki nusu ya mtaa. Nikaikagua kwa mwanga hafifu wa chumbani mwake: waya haujachunika, plagi nzima, kioo cha mlango hakina ufa. Nilipoichomeka, vyuma vya ndani viliwaka vyekundu na joto likanipiga usoni. Nikaipenda palepale.

Lakini nilikumbuka kuuliza. Kwetu, mama mwenye nyumba akifa, moto wake unazimwa. Majivu yote yanatolewa nje, mafiga yanaondolewa, kisha unawashwa moto mpya. Usipofanya hivyo, marehemu ataendelea kurudi kuota moto wake.

"Mzee, samahani," nikamwambia. "Mambo ya msiba yalikamilika?"

"Yalikamilika, mama. Majivu tulimwaga, mafiga tulitoa, na lile jiko la mkaa shangazi zake walilimwagia maji. Hakuna tulichoacha."

Nikaridhika. Tukaifunga kwa blanketi, tukarudi.

Nyumbani nilipofungua mlango wake mchana kweupe ndipo nilipoona. Mafuta meusi yameganda kila pembe, manene kama lami. Nikakwangua kwa kisu, nikasugua kwa majivu na limau na maji ya moto, mpaka kucha zikaniuma. Katika pembe ya nyuma nilivuta unywele mrefu, mweupe, ulionata kwenye mafuta. Nikatoka nje nikatapika. Nikarudi, nikaendelea kusugua, kwa sababu harusi ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi yake nikaifungua nipake siagi kwenye sinia lake. Mafuta yalikuwa yamerudi. Siyo meusi tena, ya manjano, mapya, laini. Na yalikuwa ya vuguvugu. Oveni haikuwa imechomekwa, plagi ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa meza. Unafikiri nilikimbia? Hapana. Nilijiambia jana nilikuwa nimechoka, sikusafisha vizuri. Mtu akishajitapa, anajidanganya kwa mengi. Nikasugua upya.

Ijumaa nikapiga mayai, nikachanganya unga na sukari. Sukari ile tuliikusanya nyumba kwa nyumba, kikombe huku, nusu kikombe kule, maana haikupatikana dukani. Nikaingiza keki saa nane na nusu. Baada ya muda, nikasikia hodi mlango wa nyuma.

Alikuwa mama mtu mzima, mnene, amevaa kitenge na sweta la kahawia, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe.

"Ndaga," akasema, kama wanavyosalimia watu wa Tukuyu na Mbeya. "Nimesikia harufu, mwanangu. Nipishe nikae kidogo, nina baridi."

Ningefanyaje? Mgeni akisema ana baridi humuulizi katoka wapi. Kati ya Mbeya na Iringa watu wanapita kila siku. Nikampa kigoda. Akakivuta mpaka kikagusa meza ya oveni, akainyooshea mikono yote miwili kama mtu anayeota moto wa kuni.

"Usifungue mlango upesi," akaniambia. "Ukifungua upesi keki inanywea. Na sinia ligeuze, upande wa kushoto una moto mkali."

Alikuwa sahihi, nilishaona mwenyewe kwamba kushoto kunawahi kuiva. Nikajiuliza amejuaje, na kabla sijamaliza kujiuliza nikamwona anapitisha kidole kwenye ufa wa mlango. Kikatoka kimejaa mafuta. Akakilamba. Akakirudisha ufani, akakilamba tena, polepole, macho amefumba, kama mtoto na asali. Ukucha wake ulikuwa mrefu na chini yake kulikuwa na unga mkavu uliogeuka kijivu. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Halafu akafungua oveni. Akaingiza mikono mitupu, akashika sinia la moto kwa viganja, akalitoa. Hakushtuka. Nilisikia ngozi ikichemka kama nyama kikaangoni, na harufu yake ikanifika. Akaweka sinia mezani, akabonyeza keki katikati kwa kidole kilekile alichokilamba. Akakilamba tena. Akabonyeza mara ya pili.

"Imeiva," akasema. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umeutunza moto wangu. Wale waliuzima wote, huu hawakuuona."

Ndipo nilipoelewa. Oveni haina majivu. Haina figa. Ndugu zake walizunguka nyumba nzima wakizima moto wa marehemu, na moto wenyewe umekaa juu ya meza unawatazama.

Hapo nikasikia jirani yangu, mama Tulia, akiita mlango wa mbele. Niligeuka kumwitikia, mara moja tu. Nilipogeuka tena, kigoda kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi.

"Kamwene, mama," mama Tulia akasema akiingia, pasi mkononi. "Naomba mkaa niweke kwenye pasi hii. Ile ya umeme imepoa na gauni la kesho halijanyooka."

"Imepoaje?"

"Si umeme umekatika? Tangu saa tisa kasoro, mtaa mzima." Akaitazama oveni yangu. Vyuma vilikuwa bado vyekundu. "Wewe hiyo inawaka na nini?"

Nikachomoa plagi, na vyuma vikaendelea kuwaka mbele ya macho yetu wawili. Kisha mama Tulia akaona kigoda. Kilikuwa kimelowa mafuta ya manjano, yanadondoka sakafuni. Akaweka pasi chini, akaondoka bila mkaa, na nijuavyo hakuingia tena jikoni kwangu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapoona haya. Keki ilikuwa nzuri. Imepanda sawa, rangi ya dhahabu, haijaungua popote. Katikati kulikuwa na vishimo viwili vya kidole, vinang'aa mate. Sukari ilikuwa imekwisha. Mayai yamekwisha. Harusi ni kesho saa nne, na mama mkwe anasubiri kucheka. Nilisimama pale mpaka giza likaingia. Halafu nikachukua sukari ya unga iliyobaki kwa mapambo, nikaikoroga, nikaziba vile vishimo. Nikachora juu yake ua.

Jumamosi watu walisifu. Mama mkwe mwenyewe aliomba kipande cha pili. Mimi nilikaa mbali na meza, nikisingizia kazi za jikoni. Lakini unajua desturi yetu, maharusi wanalisha wazazi na ndugu kwa mikono yao. Mshereheshaji akaniita jina. "Dada wa bibi harusi, aliyepika keki hii, aje alishwe." Watu wakapiga vigelegele. Upendo akakata kipande katikati kabisa, penye ua, akakileta mdomoni mwangu, machozi ya furaha yakimtoka.

"Asante, dada," akaninong'oneza.

Nikafungua mdomo. Ningefanya nini mbele ya kanisa zima? Chini ya sukari niliyasikia yale mafuta, vuguvugu, yakiteleza ulimini. Nikameza. Nikatabasamu, wakapiga picha.

Wiki iliyofuata tuliirudisha Soweto. Yule mzee alisikiliza bila kubisha, akaita shangazi za marehemu, wakaimwagia maji na kulitamka jina lake. Ilitoa moshi kama kuni mbichi. Haikuwaka tena, hata ilipochomekwa.

Mdomoni mwangu bado inawaka. Tangu siku ile sijala keki, skonzi wala nyama ya kuoka, na nikila chochote cha mafuta, ulimi unakumbuka. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni Upendo. Ameniomba mara ngapi nimpikie keki kama ile, kwa ubatizo wa watoto, kwa kipaimara, mwisho kwa harusi ya binti yake. Kila mara nimekataa bila sababu, na sasa anasema nina roho mbaya. Hatusalimiani vizuri. Picha ile ameitundika sebuleni, ananilisha, nami nimefumba macho. Anadhani nilikuwa na furaha.

Mdogo wangu, nilijua, na nikawalisha wote.

Na wewe unayenisikiliza, ukiuziwa chombo cha kupikia cha marehemu, usihangaike na waya wala kioo. Uliza moto wa chombo chenyewe ulizimwa na nani. Kama hakuna anayejua, kiache hukohuko, hata kama harusi ni kesho.