Redio Iliyofuata Bomba

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki mpaka leo. Watu wakiuliza, huwaambia: umeme wa mwenye karakana. Sisemi ajali. Ajali haina mwenyewe, na hii ilikuwa na mwenyewe, nyumba ya pili kutoka kwetu, Bagamoyo mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa mke mgeni, nimeolewa kutoka Pangani.

Bwana huyo alileta mashine ya kuchomelea vyuma, akawa anatengeneza vitanda na madirisha. Mashine ile ina nyaya mbili nene: mmoja unapeleka umeme kwenye chuma, wa pili unaurudisha. Huo wa pili aliununua mfupi, kwa ubahili. Akaubana kwenye bomba la maji lililopita ukutani kwake, na meza yake ya chuma akaiegemeza kwenye bomba hilohilo. Nalo ndilo lililokwenda mpaka kwenye mfereji wa mtaa, tulikokinga maji wanawake wote.

Tulikwisha kulalamika kwamba koki inawasha. "Inanyonya kama mtoto," alisema mmoja, tukacheka. Siku yangu ilipofika nilikuwa pekupeku, sementi imelowa. Nikashika koki, mkono ukakataa kuachia. Nilisikia meno yangu yanagongana. Mashine ilipozimwa ndipo nilipoanguka, na ndoo juu yangu.

Mwenye karakana alitoka mbio. Akalitazama bomba, kisha akanitazama mimi, akasema mtaa mzima usikie, "Huyu ana jini la maji. Kaja nalo kutoka kwao." Nalikumbuka vizuri: bomba alilitazama kwanza.

Mama mkwe akalishika neno hilo. Mganga akaja, nikafukizwa ubani mpaka macho yakavimba, jini lisipande wala lisitaje jina. Mume wangu akashauriwa anirudishe kwetu kabla sijamzalia mtoto wa mashetani. Naye, mwanamume mzima mwenye ndevu, akajibu, "Tungoje Idi ipite." Ramadhani ilikuwa imekwisha anza. Ndoa yangu ilibakiwa na mwezi huo tu.

Kilichonisaidia si huruma ya mtu. Karakana ikifanya kazi, redio zote za mtaa zilikwaruza, na yule bwana alikuwa akichomelea vitanda vya sikukuu hata magharibi. Wazee wakaogopa kwamba tangazo la mwezi kuandama litawapita. Basi nilipoanguka mimi, aliitwa mganga. Redio zilipokwaruza, aliitwa fundi.

Fundi wa umeme alitoka Tanga. Mnene, sauti kubwa, anajisifu kabla hajaketi: "Mimi umeme wenyewe hunipa shikamoo." Nikamchukia palepale. Chuki yenyewe haikufika adhuhuri.

Aliomba redio ndogo ya betri, mshale wake akauweka mahali pasipo na stesheni, ikawa inavuma tu. Akamwambia kijana aliyemchomelea mwenye karakana aanze kazi. Redio ikalia kra-kra-kra. Fundi akaishika mkononi, akatembea nayo taratibu ukutani. Akilikaribia bomba, inapiga kelele. Akijitenga nalo, inatulia. Akavuka uchochoro, akapita uani kwetu, wanawake nyuma yake kama tunampeleka bwana harusi, mpaka kwenye mfereji. Alipoisogeza kwenye koki, ilipiga kelele hata mtoto aliyelala mgongoni kwa mamaye akaamka akilia.

"Kuna mtu aliyewahi kuanguka hapa?" akauliza.

"Mke wa mwanangu," mama mkwe akajibu. "Ana jini."

"Jini lake nimeliona, mama. Limebanwa kwa kibanio kule ukutani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mwenye karakana akasema fundi anatafuta ujira tu, bomba halina neno.

"Vyema, bwana," fundi akasema. "Vua viatu, simama hapa penye maji, ushike koki. Mwenzako aendelee kuchomelea. Ukimaliza salama, mimi nafunga mfuko wangu naenda zangu."

Yule bwana akatazama viatu vyake. "Nimefunga," akasema.

"Lo! Tangu lini koki ikavunja saumu?" akauliza mwanamke mmoja nyuma yangu.

Mwenye karakana akageuka. Akarudi ndani. Hapo ndipo nilipopona, si kwa ubani.

Kazi iliyofuata niliitazama mwanzo mpaka mwisho, nimesimama mlangoni kwa yule mwenye karakana niliyemlaani. Fundi alileta waya wa kurudisha ulio mrefu, akaubana kwenye chuma chenyewe kinachochomelewa, karibu na pale moto unapowaka, baada ya kusugua kutu mpaka pakang'aa. Nyaya zote mbili akazilaza chini ubavu kwa ubavu, akazifunga pamoja. Zikiachana au zikiviringishwa, alisema, ndipo redio zinapolia zaidi. Meza akaitenga na bomba. Mashine akaihamisha juu ya mbao kavu, mbali na ukuta wa jirani, na ganda lake akalitilia waya wake wa peke yake, hadi kwenye chuma kirefu alichokipigilia ardhini. Mdomo haukunyamaza, lakini mikono haikuwa na pupa. Kila skrubu aliikaza, akaivuta, akaikaza tena. Sijaona tena mtu anayekipa adabu namna ile kitu asichokiona.

Kisha akavua viatu, akasimama majini yeye mwenyewe, akashika koki kwa mikono miwili, akapiga ukelele, "Choma!" Kule ndani moto ukawaka. Fundi akasimama vilevile, anacheka. Redio ilibaki na mkwaruzo mdogo, kama mtu anayesafisha koo chumba cha pili.

"Huo hauishi wote," akasema. "Atakayekuahidi utaisha wote ni mwongo."

Mama mkwe akaninyoshea ndoo. "Haya mwanangu, kinga maji ya futari." Samahani hakusema, wala hakuisema mpaka anazikwa.

"Shika wewe kwanza, mama," nikamwambia.

Wote wakatutazama. Akashika.

Idi ikapita, na hakuna aliyenitajia habari ya kurudishwa. Pangani nilikwenda kwa hiari yangu, kuwatazama wazazi, nikarudi siku niliyotaka.